Kurekodi Franck na Widor kwenye ogani ya zamani iliyokarabatiwa: joto, upepo, kisha maiki

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimerekodi kwaya za kanisa Mwanza kwa miaka sita, na sasa nasoma ufundi wa sauti Ufaransa. Nimepewa usiku mbili kwenye kanisa la mawe lenye ogani ya mabomba ya Cavaillé-Coll, mjenzi wa ogani Mfaransa wa karne ya 19, ambayo ukarabati wake umekamilika mwaka jana. Mpigaji atapiga Korali ya tatu ya César Franck na Toccata ya Widor, watunzi wa muziki wa ogani. Nilifanya jaribio kwa rekoda ndogo, likatoka vibaya: noti za chini kabisa zimepotea, za juu zimevurugika kama uji, na tarumbeta (mabomba ya ogani yanayoiga tarumbeta) zinasikika kama hazipatani na mabomba mengine. Nina maiki sita. Nitumie ngapi, na niziweke wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Tumia nne, mbili zibaki akiba. Lakini tusianze na maiki, maana katika malalamiko yako matatu ni moja tu linalozihusu moja kwa moja, nalo ni noti za chini. Uji wa noti za juu unatokana na umbali na mwendo wa mpigaji. Tarumbeta kutopatana na wenzake ni joto la kanisa, na hilo hakuna maiki itakayolitibu, iwe ya bei gani.

Ogani ina mabomba ya aina mbili. Bomba la mdomo hufanya kazi kama filimbi: upepo hupiga ukingo wa mdomo, na hewa iliyomo ndani ya bomba ndiyo inayotetema. Hewa ikipata joto, sauti husafiri ndani yake kwa kasi zaidi na noti hupanda. Nyuzi 1 ya Selsiasi huipandisha noti A ya Hz 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) kwa karibu Hz 0.8, yaani senti 3 hivi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni). Bomba la ulimi ni jingine kabisa. Ukilichomoa kwenye kiatu chake utaona kijibomba kidogo cha shaba kilichokatwa ubavu mmoja, na juu ya uwazi huo umelala ulimi mwembamba wa shaba uliopindwa kidogo sana kuelekea nje, kiasi cha kupitisha karatasi. Waya wa chuma umeubana ulimi huo. Fundi akiugonga waya kushuka chini, sehemu inayotetema hufupika na noti hupanda. Akiugonga kwenda juu, noti hushuka. Chembe moja ya vumbi ikiingia chini ya ulimi, bomba hukoroma au hunyamaza. Na ulimi wa shaba haujali joto la hewa kama filimbi inavyojali.

Sasa fikiri ogani imetuniwa kanisa likiwa nyuzi 18, halafu wewe ukarekodi likiwa nyuzi 13. Mabomba yote ya mdomo yameshuka kwa senti 15 hivi, yameshuka pamoja, kwa hiyo yenyewe kwa yenyewe bado yanapatana. Tarumbeta na Bombarde, ambazo ni mabomba ya ulimi, zimebaki karibu palepale zilipokuwa. Hicho ndicho ulichokisikia kwenye jaribio lako. Tiba yake ni fundi wa ogani aliyepo siku hiyohiyo, atakayezituni rejista za ulimi (rejista ni seti ya mabomba ya sauti moja) zifuate mabomba ya mdomo kwa joto la usiku huo. Hatagusa yale maelfu ya mabomba ya mdomo, na mtu yeyote anayetaka kuyagusa ili "yafike 440" azuiwe. Ufaransa iliweka kisheria mwaka 1859 A ya 435 kwa nyuzi 15. Ogani iliyorudishwa kwenye kimo hicho itasoma karibu 439 kanisa likiwa nyuzi 20. Kwa hiyo programu yako ya kutuni ikikuonyesha namba tofauti usiku wa pili, kwanza tazama kipimajoto. Na rejista ya Voix céleste imetuniwa juu kidogo kwa makusudi, ili itikisike inapopigwa pamoja na Viole de gambe. Mtetemo ule ndio uzuri wake.

Omba vipasha joto vya kanisa vizimwe mapema, angalau siku nzima kabla. Watu watalalamika kwa baridi; wavae makoti. Joto linalolingana kila mahali ni bora kuliko joto la kustarehesha, kwa sababu hewa ya moto hupanda juu na kuyapasha mabomba ya juu huku ya chini yakibaki baridi. Sehemu ya ogani inayoumia zaidi ni ile iitwayo Récit, maana mabomba yake yamo ndani ya sanduku kubwa la mbao lenye vipazia, yaani vibao ambavyo mpigaji huvifungua na kuvifunga kwa mguu. Hewa ya humo huchelewa kufuata hewa ya kanisa. Vipazia viachwe wazi tangu usiku wa kuamkia kazi na kila mnapopumzika. Weka vipimajoto viwili, kimoja karibu na mabomba ya Grand-Orgue (sehemu kuu ya ogani), kingine ndani ya sanduku la Récit. Tofauti ikizidi nyuzi 1, subirini.

Upepo nao una yake. Zamani watu walikanyaga mivukuto. Leo kuna mota na feni. Mwulize fundi feni inavuta hewa kutoka wapi. Ikivuta kutoka chumba cha nje chenye baridi, ogani itapata upepo wa joto tofauti na hewa inayoyazunguka mabomba, na tuni itahama dakika 20 baada ya kuwasha. Washeni ogani saa moja kabla ya kutuni, na isizimwe mpaka kazi ya usiku iishe. Cavaillé-Coll mara nyingi aliyapa mabomba ya noti za juu upepo wenye nguvu kuliko ya noti za chini, ili noti za juu zisififie. Ripoti ya ukarabati itaonyesha nguvu hiyo kwa milimita za maji kwa kila sanduku la upepo, lile ambalo mabomba husimama juu yake. Iombe ripoti, uisome pamoja na fundi, naye apime tena kwa mrija wake wa maji. Kama namba zimeshuka, kuna mahali panapovuja: ngozi mpya ya mvukuto iliyopinda vibaya, au ubao uliopasuka kwa ukavu. Akodi kubwa (noti nyingi kwa pamoja) ikitikisa upepo kidogo, hiyo ni tabia ya ala. Ikizama na kuburuta tuni yote chini, huo ni ugonjwa, na mkirekodi hivyo mtarekodi ugonjwa.

Ogani iliyotoka kwenye ukarabati mwaka jana bado inajitafutia. Ngozi mpya za vali bado ngumu na mbao zinaendelea kuzoea unyevu wa kanisa, kwa hiyo tarajia noti inayokwama na kulia yenyewe baada ya kidole kuondoka. Msaada wa haraka ni mpigaji kuibonyeza noti ile mara kadhaa kwa kuikata ghafla. Isipoacha, afunge rejista moja moja mpaka ijulikane inatoka kwenye sanduku gani, kisha fundi apande. Wewe usipande. Madini ya bomba ni bati na risasi, ni laini. Kidole kikikandamiza ukingo wa mdomo, bomba lile halitasema tena kama lilivyosema. Wala usibandike gundi ya karatasi kwenye mbao za ogani, wala stendi isiegemee popote.

Haya, maiki. Aliyezoea kwaya hukimbilia maiki ya karibu, moja kwa kila kundi, kisha kuchanganya mezani. Kwa ogani hii acha kabisa desturi hiyo. Aliyeijenga alipanga sauti ziungane hewani, mbele ya ogani, ndani ya kanisa lile. Ukiweka maiki karibu na Récit kwa sababu inasikika mbali, umeua kitu ambacho Franck alikitegemea: sauti iliyofungiwa ndani ya sanduku na kutoka kidogo kidogo. Umbali ule ni sehemu ya muziki. Tena kwa karibu utapata kelele usizozitaka: mitambo ya mbao ikigonga, na mashine ya Barker, ile mivukuto midogo inayosaidia vidole kuvuta vali, ikipumua *fff, fff* kwa kila noti.

Jozi kuu iwe maiki mbili za pande zote, si za kadioidi (zinazosikia zaidi upande wa mbele). Sababu ni noti zako zilizopotea. C ya chini kabisa ya rejista ya futi 32 (namba hii ni urefu wa bomba lake refu kuliko yote) iko kwenye Hz 16 hivi, na ya futi 16 kwenye Hz 33. Maiki ya kadioidi hupunguza noti za chini kwa maumbile yake chanzo kikiwa mbali, wakati maiki nzuri ya pande zote hushuka hadi huko bila kuchoka. Hakikisha kitufe cha kukata besi kimezimwa kwenye maiki, kwenye priampu (kikuza sauti cha maiki) na kwenye rekoda, kote kutatu; rekoda ndogo nyingi huwa zimekiwasha bila kukuambia. Kelele ya ndani ya maiki isizidi desibeli 12, ama sivyo Voix céleste ikiwa na vipazia vilivyofungwa itazama ndani ya mvumo.

Achanisha maiki hizo mbili kwa sentimita 50 hadi 70. Anza mita 10 mbele ya uso wa ogani, juu kiasi cha kukaribia usawa wa sakafu ya roshani yake au zaidi, kwa kawaida mita 6 hadi 8 kutoka chini. Stendi ya urefu huo ni hatari: mguu wake ubebe mifuko ya mchanga, kamba ya usalama iwepo, na pasipite mtu chini. Ukiiweka chini zaidi utapata Pedali nyingi (mabomba yanayopigwa kwa miguu) na mwangwi mwingi. Noti za juu zitapita juu ya kichwa cha maiki na kurudi zimeshachanganyika.

Kutoka hapo masikio yafanye kazi. Mwombe mpigaji ashike C ya chini ya futi 16, nawe utembee taratibu kutoka ogani kuelekea altare. Utashangaa: hapa noti inajaza kifua, hatua tatu mbele imetoweka, hatua tatu tena imerudi. Wimbi la noti hiyo lina urefu wa karibu mita 10 na nusu, na kuta za mawe hulirudisha likajigonga lenyewe. Kwa hiyo mita 2 na nusu zinatosha kukutoa kwenye kilele na kukutupa kwenye shimo. Fanya hivyo kwa C, kwa F na kwa A ya chini, weka alama sakafuni panapotoka sawasawa kwa zote tatu, na hapo ndipo stendi isimame, hata kama ni mita 9 au 12. Kazi hii hutaka nusu saa. Hakuna kisawazishi cha sauti kitakachoirudisha baadaye noti iliyokuwa shimoni.

Kisha vuka upande wa pili wa tatizo. Mpigaji apige ukurasa wa kwanza wa Toccata. Ukisikia kila noti ya mkono wa kulia imetengana kama shanga, ila ogani inakuwa kavu na ya ubaoni, rudi nyuma mita moja. Ikivurugika, sogea mbele nusu mita, nusu mita. Ikiwa umeshafika mita 8 na bado ni uji, tatizo halimo kwenye stendi yako, limo kwenye mwendo. Kanisa kubwa tupu laweza kuwa na mwangwi wa sekunde 5 hadi 7, na hakuna maiki inayofupisha mwangwi. Widor mwenyewe baadaye alipunguza alama ya mwendo ya kipande hiki, na rekodi aliyoifanya kanisa la Saint-Sulpice, Paris, mwaka 1932, akiwa na miaka 88, inakwenda kwa utulivu kuliko wapigaji wengi wa leo. Mwambie mpigaji wako kwa heshima, na umsikilizishe kwenye hedifoni. Yeye pale kwenye kibodi hasikii kinachofika chini. Hata uwiano wa Récit na Grand-Orgue anaujua kwa mazoea tu.

Jozi ya pili, pia ya pande zote, iwe mita 8 hadi 10 nyuma ya jozi kuu, zikiachana mita 2 hadi 3. Hizi ni za mwangwi. Kwenye kuchanganya zianzie desibeli 10 chini ya jozi kuu, uzipandishe mpaka uzisikie, kisha uzishushe kidogo. Maiki mbili za akiba ziende kwenye rekoda ya pili kando ya jozi kuu, kwa kipimo cha chini zaidi kwa desibeli 10. Usiku wa ogani haurudiwi kwa sababu ya kadi iliyokufa.

Kipimo cha sauti huwekwa mara moja. Mwombe mpigaji afungue kila kitu: fonds (mabomba ya msingi), anches (ndimi), Bombarde, vipazia wazi, vibodi vyote vimeunganishwa, akodi pana yenye pedali ya chini, aishike sekunde 8. Rekebisha mpaka kilele kifike desibeli 12 chini ya kikomo cha rekoda. Rekodi kwa biti 24. Baada ya hapo mkono wako usiguse kitasa usiku kucha. Sehemu laini zitaonekana kama uzi kwenye skrini, nawe utatamani kupandisha. Usipandishe. Ule umbali kati ya uzi na mlima ndio Franck aliouandika kwa alama zake za kufungua na kufunga sanduku.

Ratiba napendekeza hivi. Fundi atuni kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Hadi saa 3 na nusu ni kutembea na maiki. Kuanzia hapo hadi saa 6 usiku fanyeni sehemu zenye ndimi nyingi, yaani Toccata usiku mmoja, na kurasa za mwanzo na mwisho za Korali usiku mwingine, kwa kuwa ndimi ndiyo zimetoka kutuniwa. Saa 6 hadi saa 9 alfajiri, mji ukiwa umelala, fanyeni sehemu laini, hasa ule wimbo wa polepole katikati ya Korali ambapo rejista ya ulimi ya Récit inaimba peke yake juu ya mabomba laini. Humo kila gari linasikika. Hakikisheni kengele ya saa imesimamishwa, taa zinazovuma zimezimwa, na friji ya sakristia imechomolewa (na ufunguo wa gari uwekwe juu yake ili ikumbukwe kurudishwa).

Kila kipande kimalizwe usiku mmoja. Andika joto kila saa kwenye daftari pamoja na namba ya teki (kila mara mnaporekodi sehemu). Teki ya Alhamisi na ya Ijumaa zikitofautiana nyuzi 1.5, zimeachana kwa senti 4 au 5, na ukiziunga katikati ya akodi iliyoshikwa kila mtu atasikia ogani ikiteleza.

Uungaji wenyewe una kanuni moja inayowashinda wengi waliotoka studio. Studio unakata palipo kimya. Hapa hakuna kimya. Juu ya kila noti umelala mkia wa noti zilizotangulia. Kwa hiyo mpigaji akikosea ukurasa wa 4, mstari wa 3, asianze kwenye kosa. Aanze sekunde 10 au zaidi nyuma yake, kwa rejista zilezile na vipazia vikiwa kwenye hatua ileile, ili teki mpya ibebe mkia uleule wa mwangwi na upepo uwe umeshazoea mzigo uleule. Mtie alama ya kanyagio la vipazia kwenye nakala yake ya muziki, kwa robo: wazi, robo tatu, nusu, robo, fungwa. Kata kwenye mwanzo wa noti yenye nguvu, hapo mshtuko wa sauti mpya unafunika ushonaji, na uunganishe kwa milisekunde 20 hadi 60. Ukikata kwenye mkia, sikio litasikia mlango ukifungwa kanisani.

Wasaidizi wa kuvuta rejista wawe wawili, wavae soksi, na wavute vitasa kwa kuvisindikiza hadi mwisho badala ya kuviachia vigonge. Korali ya tatu ina mabadiliko mengi ambayo Cavaillé-Coll aliyarahisisha kwa kanyagio za kuita ndimi: rejista huandaliwa mapema, na upepo wa sanduku la ndimi hufunguliwa kwa mguu. Mkague kanyagio hizo kabla. Mara nyingi kelele inayodhaniwa ni ya msaidizi ni chuma cha kanyagio kisicho na kipande cha sufi.

Kabla ya kuondoka kila usiku rekodi vitu viwili: dakika 2 za kanisa ogani ikiwa imewashwa bila kupigwa, kisha dakika 2 ikiwa imezimwa. Ya kwanza utaihitaji kila mahali, ya pili karibu kamwe usiitumie, ila itakuonyesha kelele ipi ni ya upepo na ipi ni ya mtaa. Mvumo mwepesi wa upepo ni pumzi ya ala. Ukiufuta kwa programu ya kusafisha kelele, programu itakula pia mikia ya mwangwi. Kilichoko chini ya Hz 14, mtetemo wa malori na treni, kiondoe bila huruma. Kukandamiza sauti, yaani kupunguza tofauti ya kubwa na ndogo, sikushauri. Anayesikiliza kwenye simu hatapata Hz 16 hata ukizipandisha mara kumi. Atapata zile sauti za juu zinazoandamana na noti ya chini, na hizo zitamtosha kuijua.

Toccata inaishia kwenye F kubwa. Mpigaji akiachia, asitikise benchi, asigeuze kichwa wala asivute rejista hata moja. Hesabu hadi 15 kimoyomoyo ndipo uinue mkono. Kwenye uhariri uache mkia ufe wenyewe mpaka uzame ndani ya ule mvumo wa ogani uliorekodi kwa dakika 2, ushikilie mvumo sekunde 3, kisha ufifize taratibu kwa sekunde 4.